Jinsi ya kumuita Mjapani kwa heshima: san, sama, sensei na wenzake, hatua kwa hatua

Kama unaenda Japani kusoma au kufanya kazi, au uko zako Dar au Mombasa unaagiza magari na kila wiki unaandikiana na muuzaji wa Yokohama, kuna kitu inabidi ukishike kabla hata hujajua kuhesabu mpaka kumi kwa Kijapani: jina la mtu haliachwi tupu. Linafuatwa na san, au sama, au cheo cha mwenyewe. Ukiliacha tupu wanaita yobisute, na hiyo ni ya ndugu, mke na mume, na marafiki walioshibana kweli kweli, mtu mwingine yeyote ukimfanyia hivyo anasikia kama umemkaripia.

Naandika haya kwa sababu vijana wengi wanajifunzia kwenye anime, zile katuni za Kijapani, na anime nyingi ni watoto wa shule wanaongea wao kwa wao, sasa ukiyabeba kama yalivyo ukaingia nayo ofisini au kwa profesa unaharibu mapema sana. Jambo la kushika toka mwanzo ni kwamba heshima ya Kijapani haijabandikwa kwa mtu, inategemea nani anaongea na nani kuhusu nani. Bosi wako yule yule, saa mbili asubuhi unamuita Tanaka buchoo, yaani Tanaka mkuu wa idara, saa nne simu ya mteja ikilia anakuwa Tanaka tupu, saa tano akipiga mke wake anarudi kuwa na heshima zake zote. Ukielewa kwa nini, umemaliza kazi nusu.

Kuhusu matamshi, hapa chini nimeandika irabu mara mbili pale sauti inapovutwa. Sisi tuna bahati, irabu zetu tano na zao zinafanana sana, ila urefu wake usiupuuze, utaona kwenye hatua ya familia.

Hatua ya 1: Jua jina la ukoo ni lipi

Wajapani wanatanguliza ukoo. Yule mcheza besiboli Ootani Shoohei, Ootani ndo ukoo na Shoohei ndo jina alilopewa na wazazi, magazeti ya Kiingereza yanageuza yanaanza na Shoohei. Tangu Januari 2020 serikali ya Japani inatanguliza ukoo hata kwenye nyaraka zake za Kiingereza, lakini kampuni nyingi bado zinageuza, kwaiyo ukiona imeili imesainiwa Kenji Yamada usibahatishe. Angalia kadi yake ya biashara, ile meishi, upande wa Kijapani ukoo ndo unaanza, na upande wa Kiingereza mara nyingi ukoo wanauandika wote kwa herufi kubwa ili mgeni asichanganye. Heshima inakaa kwenye ukoo: Yamada-san. Kenji-san ni ya watu waliozoeana.

Wewe mgeni watakuita kwa jina lako la kwanza, Asha-san, Juma-san, kwa sababu majina yetu hayana ukoo kwa mpangilio wao na wao wenyewe hawajui washike lipi. Isikudanganye ukadhani na wewe umeruhusiwa kuwaita Kenji na Yuko. Hospitali na ofisi ya manispaa watakuita kwa majina yote yaliyopo kwenye kadi yako ya ukaazi, yote matatu kwa mfululizo, kwaiyo siku ya kwanza kazini au darasani amua jina moja unalotaka kuitwa uliseme mwenyewe: Asha to mooshimasu, yaani naitwa Asha. Bila san. Hiyo ndo sheria isiyo na mlango wa nyuma, hujiwekei san mwenyewe, hata kwenye simu, hata kwenye imeili.

Hatua ya 2: Anza na san, na kaa hapo muda mrefu

San inamfaa mwanaume na mwanamke, aliyeoa na asiyeoa, mkubwa kwako na mdogo kwako, jirani, mfanyakazi mwenzako, mwenye nyumba, fundi. Ukiwa huna uhakika utumie nini, san inakuokoa karibu kila mara. Hata kwenye imeili ya Kiingereza kwa muuzaji wa magari ukianza na Yamada-san anaelewa na anafurahi, na inakupunguzia shida ya kukisia kama Yamada ni baba au mama.

Afu san haiishii kwa watu. Kampuni ya mwenzio unaiwekea san ukiongea na watu wake, kwamba Toyota-san wamesemaje kuhusu hili. Duka la vitabu ni hon'ya-san, la mikate pan'ya-san, polisi wa mtaani ni omawari-san. Watoto wanamuita tembo zoo-san. Watu wa Osaka na upande ule wa Kansai wanaiheshimu mpaka viazi, wanasema oimo-san, na peremende wanaiita ame-chan, ukikutana na mama wa Osaka kwenye treni kuna uwezekano mkubwa akakupa moja.

Hatua ya 3: Acha kusema wewe

Vitabu vya mwanzo vinakufundisha kwamba anata ni wewe. Ni kweli, ila ukimtazama mtu usoni ukamwambia anata, hasa mkubwa kwako, inasikika kama unamnyooshea kidole. Wake wengi wanawaita waume zao anata, hapo ni neno la mapenzi, kwaiyo fikiria mwenyewe ukimwambia profesa.

Badala yake rudia jina. Unamuuliza Yamada mwenyewe, yupo mbele yako: Yamada-san wa ikimasu ka, yaani Yamada-san anaenda? Na yeye anajua unamuuliza yeye. Mara za mwanzo utajisikia kama unamsengenya mtu akiwa anakusikia, baada ya muda inazoeleka. Mara nyingi hata jina halihitajiki, unaondoa tu, ikimasu ka, inatosha, Kijapani kinapenda kuacha yanayojulikana. Na kama umesahau jina lake, omba radhi na uulize, sumimasen, onamae wa, hiyo haina ubaya hata kidogo ukilinganisha na kumwambia anata.

Hatua ya 4: Mwenye cheo muite kwa cheo

Kazini kuna shachoo ambaye ndo mkuu wa kampuni, buchoo mkuu wa idara, kachoo mkuu wa kitengo, na dukani au mgahawani kuna tenchoo, meneja wa duka. Cheo peke yake tayari ni heshima, unamuita Buchoo! tu, au unaunganisha na ukoo, Tanaka buchoo. Kwenye maandishi watu wengi wanachemka hapa wanaandika Tanaka buchoo sama, hizo ni heshima mbili zimepandana. Kama unataka sama iwepo, cheo kitangulie: buchoo Tanaka sama. Kuna kampuni zimeamua watu wote waitwe san mpaka mkuu, kwaiyo siku zako za kwanza nyamaza usikilize wenzako wanamuitaje, afu fuata.

Sensei ni ya walimu lakini wengi hawajui inafika mbali kiasi gani. Daktari ni sensei, wakili ni sensei, mbunge ni sensei, mwandishi wa vitabu na mchoraji wa manga ni sensei, anayekufundisha judo naye ni sensei. Ukiwa na profesa wako usimuite san kabisa, utaona uso unabadilika japo hatasema kitu. Na barua kwa mwalimu inaandikwa jina lake na sensei, huongezi sama juu yake. Ila mwalimu akiulizwa kazi yake na mtu mzima mwenzie hasemi mimi ni sensei, anasema kyooshi, kwa sababu ile ile iliyokuzuia wewe kujiwekea san.

Senpai ni aliyekutangulia, shuleni, kwenye klabu, kazini, na unaweza kumuita hivyo moja kwa moja au Suzuki-senpai. Upande wa pili yupo koohai, aliyekuja nyuma yako, lakini huyo humuiti koohai, unamuita kwa jina lake.

Hatua ya 5: Gawa watu, wa ndani na wa nje

Hapa tulia, maana ndo kiini cha mambo yote, na ndo panapowatofautisha watu waliokariri na watu walioelewa. Wajapani wanasema uchi, upande wetu, na soto, upande wa nje. Ukiongea na mtu wa nje, watu wa upande wako wote unawashusha pamoja na wewe mwenyewe, hata kama ni mkubwa wako, kwa sababu kumpandisha bosi wako mbele ya mteja ni sawa na kujipandisha wewe.

Chukua simu. Mteja anapiga anamtaka Tanaka buchoo. Ukimjibu kwamba Tanaka buchoo hayupo, umekosea, japo bosi mwenyewe ukimuita hivyo kila siku ni sahihi. Unasema: Tanaka wa tadaima seki o hazushite orimasu. Tanaka kwa sasa hayupo mezani kwake, jina tupu, bila san bila chochote. Ukitaka kutaja kazi yake, cheo kitangulie kama maelezo tu, buchoo no Tanaka, hiyo ni kumtambulisha, haihesabiki kumtukuza. Watu wa kwetu hapa roho inagoma, unamtajaje mzee kwa jina tupu? Lakini bosi mwenyewe akisikia umemuwekea san mbele ya mteja ndo atakayekuita pembeni akurekebishe, anaona umeiaibisha ofisi.

Simu nyingine, anapiga mke wa Tanaka. Mstari umehama. Kwa Tanaka, mke ni wa ndani kuliko wewe, kwaiyo sasa hivi wewe ndo mtu wa nje unayeongea na familia yake, unarudisha heshima zote: Tanaka buchoo, na kitenzi cha heshima juu. Na ukiongea na mwenzako wa idara nyingine, ndani ya kampuni ile ile, bosi wako anarudi kuwa Tanaka buchoo kama kawaida maana wote mko upande wa ndani.

Njia ya kujizoesha ni hii, kabla hujafungua mdomo jiulize anayenisikiliza ni nani, afu huyu ninayemtaja yupo karibu na nani, mimi au yeye? Akiwa karibu na mimi, namshusha. Akiwa karibu na yeye, nampandisha. Fanya hivyo kwa simu za kubuni chumbani kwako, zungumza kwa sauti, mpaka ije bila kufikiri.

Hatua ya 6: Ndugu wana majina mawili mawili

Sheria ile ile ya ndani na nje ndo inaelezea kwa nini baba ana maneno mawili. Baba yangu nikimtaja kwa mtu wa nje ni chichi, mama yangu ni haha. Baba yako wewe ninayeongea na wewe ni otoosan, mama yako okaasan. Kaka yangu mkubwa ani, wako oniisan, dada yangu mkubwa ane, wako oneesan. Mdogo wangu wa kiume otooto, wa kike imooto, wa kwako unawaongezea san, otooto-san, imooto-san. Mke wangu tsuma, mke wako okusan. Nyumbani sasa, ukimuita baba yako mwenyewe uso kwa uso, ni otoosan, huwezi kumuita chichi. Na wadogo wanawaita wakubwa oniisan na oneesan, ila mkubwa anamuita mdogo kwa jina, hamna anayeita otooto!

Kwa watu usiowajua mtaani mambo ni kama kwetu tunavyosema kaka, dada, mama, mzee, wao wanasema oniisan, oneesan, ojisan, obasan. Kuwa mwangalifu na obasan. Ni shangazi au mama wa makamo, na mwanamke ambaye hajioni wa umri huo anaumia ukimuita hivyo, na ukiivuta ile a ikawa obaasan umemuita bibi. Mimi nakushauri kwa mtu usiyemjua sema sumimasen tu, samahani, inamfikia yeyote na haimpimi mtu umri.

Hatua ya 7: Sama, na mambo ya kuandika

Sama ni san iliyopanda daraja. Kwa mdomo utaisikia zaidi dukani na hotelini, okyaku-sama, ndo mteja, na kwenye mambo ya dini, kami-sama. Mwezi watoto wanauita otsuki-sama. Familia ya mfalme pia, binti wa mfalme wa sasa vyombo vya habari vinamtaja Aiko-sama. Kumuita mwenzako wa kazini sama mdomoni ni kuzidisha, anaweza akadhani umekasirika unamkejeli.

Kwenye kuandika ndo sama inatawala. Bahasha, imeili ya kazi, kifurushi, jina la mpokeaji linafuatwa na sama hata kama ukikutana nae unamuita san. Imeili ya kazi inaanza na jina la kampuni, idara, afu Yamada Kenji sama, mstari unaofuata ni itsumo osewa ni natte orimasu, asante kwa ushirikiano wako wa siku zote, afu unajitaja, afu ndo unaanza shida yako. Ukiandikia kampuni au idara bila jina la mtu, hauweki sama, unaweka onchuu, na onchuu na sama hazikai pamoja kwenye anwani moja. Kuna dono pia, utaiona kwenye vyeti na barua rasmi za zamani zamani, wewe usiitumie, kwa mtu mkubwa inaweza kusikika kama unamuandikia kutoka juu.

Na hili napenda sana kulieleza kwa sababu linaonyesha mfumo wote kwenye kikaratasi kimoja. Ukialikwa harusi unapewa postikadi ya kujibu, imeshachapishwa anwani ya mwenye harusi, na baada ya jina lake ameweka yuki au ate, yaani iende kwa fulani, kwa sababu hawezi kujiandikia sama. Wewe kabla ya kuirudisha unapiga mistari miwili juu ya yuki unaandika sama pembeni. Ukigeuza upande wa pili wameandika go-shusseki, kuhudhuria, hiyo go ni heshima wanayokupa wewe, kwaiyo unaikata pia, unabaki na shusseki, ndo unazungushia. Mwenyeji amejishusha na kukupandisha, wewe unajishusha na kumpandisha, kwa kalamu na rula. Ukirudisha kadi bila kukata chochote hawatakugombeza, wewe mgeni, lakini ukikata watakukumbuka.

Hatua ya 8: Kun na chan, sikia, usianze nazo

Kun ni ya wavulana na vijana wa kiume, na bosi anaweza kumuita nayo aliye chini yake, hata mwanamke. Inatoka juu kwenda chini au kwa walio sawa, haipandi. Bungeni kwao kuna desturi ya spika kuita wabunge kwa kun, na Doi Takako alipokuwa spika wa kwanza mwanamke wa baraza la wawakilishi mwaka 1993 yeye aliamua kuwaita san. Shule za msingi nyingi nazo siku hizi walimu wanaita watoto wote san, wa kike na wa kiume, badala ya ile ya zamani ya kun kwa wavulana.

Chan ni ya watoto wadogo, marafiki wa kike waliozoeana, bibi na babu wa nyumbani, obaachan na ojiichan, na paka na mbwa. Mwanaume anayemuita mfanyakazi mwenzake wa kike chan anaweza kushtakiwa usumbufu wa kijinsia na kesi ikamkaa vizuri, kwaiyo kama uzoefu wako wote ni wa anime, hili neno kwa watu wazima liache kabisa mpaka mwenyewe akuombe.

Hatua ya 9: Kitenzi kifuate jina

Huwezi kumuita mtu sensei afu kitenzi kikabaki cha kijiweni. Ukimpandisha mtu, kuja, kwenda na kuwepo inakuwa irassharu, kusema inakuwa ossharu, kula inakuwa meshiagaru. Ukijishusha wewe, kwenda ni mairu, kusema ni moosu, kula na kupokea ni itadaku, ndo maana hapo juu ulijitambulisha kwa mooshimasu. Usivibadilishane! Kusema profesa mairu ni kumshusha mwenyewe ukidhani unamheshimu, na kosa hilo hata vijana wa Kijapani wanafanya wakianza kazi, mpaka kampuni zinawapa mafunzo. Baraza la utamaduni la serikali lilitoa mwongozo mzima mwaka 2007 na kuyagawa haya mambo makundi matano badala ya matatu ya zamani, lakini wewe anza na hivyo vitenzi nilivyotaja, vinatosha miezi mingi.

Kama unasoma habari za Kijapani utakutana na mengine ambayo huyasemi ila uyajue. Mwanamichezo anaitwa senshu, Ootani senshu. Mcheza sumo wa madaraja mawili ya juu ni zeki, na mzee anayewafundisha ni oyakata. Kwenye makala za magazeti mtu wa kawaida anaweza kuwa shi. Mtuhumiwa ni yoogisha, akifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya jinai anakuwa hikoku, akiachiwa anarudi kuwa san, unaweza kufuatilia kesi nzima kwa kuangalia tu kinachobandikwa nyuma ya jina.

Lini unaweza kupunguza? Yeye ndo anaanza. Atakwambia san wa iranai yo, san haihitajiki, au utaona ameanza kukuita Asha tupu na mkinywa pamoja jioni anakwambia umuite Kenji. Mpokee, muite. Kesho yake kwenye kikao akiwa na wateja wake, muite Yamada-san, na jioni mkitoka endeleeni na Kenji.